Mtandao Ukae Nyumbani: Kuchagua Ruta Inayokubaliana na Modemu Yako



Mpenzi msomaji, wiki hii ukurasa wetu watoka kidogo jikoni na chumba cha kushonea, waingia katika jambo ambalo siku hizi halitengani na mambo hayo mawili. Nimeulizwa swali hili na kina mama kadhaa waliohama Pwani wakafuata waume zao, masomo au riziki huko Thika na Ruiru. Mimi mwenyewe nililishuhudia nilipokwenda kumzuru binti yangu aliyeolewa Ruiru. Swali ni hili: nina modemu ya USB, ile ndogo ya kuchomeka kwenye laptopu na kutiwa laini ndani yake. Je, ninunue ruta gani ili nyumba nzima ipate intaneti kupitia modemu hiyo?

Swali hili laonekana la kifundi, na aghalabu sisi wanawake huambiwa tuwaachie vijana. Mimi sikubaliani na maneno hayo. Fedha inayonunua kifaa hicho hutoka katika matumizi ya nyumba, na kifaa kisipofanya kazi, wanaokosa masomo na biashara ni watu wa nyumba hiyo hiyo. Basi yatupasa tujue tunachokinunua.

Nianze na kisa. Binti yangu hukaa ghorofa ya tatu upande wa Kihunguro, na bwana wake hufanya kazi kiwandani Thika. Kwa muda mrefu intaneti ya nyumba ilitoka katika simu ya bwana: akiiwasha igawe mtandao, wote hupata. Akitoka baada ya Alfajiri, mtandao hutoka naye. Ilhali binti yangu ana darasa la watoto saba walioko Mombasa na Lamu, huwasomesha Qurani kwa video baada ya Alasiri, na kati ya vipindi huuza buibui na mitandio kwa WhatsApp. Bwana akikawia kazini, au barabara kuu ya Thika ikifungana kwa magari, watoto saba huketi mbele ya simu za mama zao wakimngoja mwalimu asiyeonekana. Siku ya pili ya ziara yangu nilimsikia akimwomba radhi mzazi mmoja, kwa mara ya tatu wiki hiyo. Mzazi yule alijibu kwa upole, lakini mwisho wa mwezi alimtoa mtoto wake. Ada ya mtoto mmoja si kitu kikubwa kwa mwenye nacho, lakini kwa binti yangu ndiyo iliyokuwa ikinunua gesi ya kupikia.

Modemu walikuwa nayo. Mkwe wangu aliinunua zamani alipokuwa akisoma chuo huko Juja. Kilichokosekana ni ruta. Jioni moja akapitia duka la vifaa vya umeme, akaona ruta nzuri yenye tundu la USB nyuma yake, na muuzaji akamhakikishia kwamba yachukua modemu zote. Alirudi nayo amefurahi. Tukachomeka modemu, taa ya modemu ikawaka, taa ya intaneti haikuwaka. Tukahangaika nayo mpaka baada ya Isha. Kumbe tundu lile lilitengenezwa kwa ajili ya flashi na printa tu, wala ruta ile haikuijua modemu ni kitu gani. Duka halikuipokea tena kwa kuwa kisanduku kilikwisha kufunguliwa. Mkwe wangu alinyamaza usiku ule, na binti yangu hakumlaumu, lakini wote wawili walijua fedha ile ilikuwa imewekwa kwa jambo jingine.

Nawaeleza haya ili yasikufikeni.

Kazi ya modemu na kazi ya ruta

Modemu ni mgeni anayekwenda mnarani kuleta maji. Ruta ni mtungi unaogawa maji yale nyumbani. Modemu ina laini ndani yake, huzungumza na mnara wa simu. Ruta huchukua kile kilicholetwa na modemu ikakigawa kwa waifai, ili simu, laptopu na runinga zipate kwa pamoja. Ruta nzuri haiwezi kuzidisha maji ambayo modemu haikuyaleta, na modemu nzuri haifai kitu ikiwa mtungi hauna mdomo wa kupokea.

Sisi watu wa Pwani tuna sababu ya kulijua jambo hili. Nyaya kuu zinazoileta intaneti nchini Kenya hutoka baharini na kufikia nchi kavu kwetu Mombasa. Waya wa TEAMS ulifika mwezi Juni 2009, ukafuatwa na SEACOM mwezi Julai mwaka ule ule. Kabla ya hapo nchi ilitegemea setilaiti, na gharama yake ilikuwa kubwa. Hivyo somo la binti yangu lasafiri kutoka Ruiru hadi Mombasa kwa njia ndefu iliyojengwa kwa mali nyingi. Hatua iliyokuwa ikimshinda ni zile chache za mwisho, kutoka dirishani hadi mezani pake.

Anza na mnara ulio karibu nawe

Kosa la kwanza ni kuanza na ruta. Anza na mtandao unaoshika vizuri ndani ya nyumba unayokaa, wala usiangalie ule unaosifiwa na jirani wa mtaa wa pili. Thika na Ruiru ni miji iliyojaa watu wengi kwa muda mfupi. Majumba ya ghorofa yamepandana, kuta nyingi ni za mawe yaliyochimbwa huko huko Ndarugo na kandokando yake, na mapaa mengi ni ya mabati. Jiwe hupunguza mawimbi ya simu, na bati huyarudisha yalikotoka. Chumba kinachotazama barabara chaweza kuwa na mtandao wa kasi, na chumba cha nyuma katika nyumba hiyo hiyo kisiwe na kitu.

Azima simu zenye laini za kampuni mbalimbali, Safaricom, Airtel, Telkom au Faiba, ujaribu kila moja karibu na kila dirisha. Jaribu asubuhi, kisha ujaribu tena baada ya Magharibi na baada ya Isha, wakati watu wamekwisha kurejea kutoka Nairobi na kila mmoja amefungua simu yake. Mtandao unaokwenda vizuri saa nne asubuhi wakashindwa kutoa video saa mbili usiku haumfai mwanafunzi wa jioni.

Pamoja na hayo, angalia kama modemu yako yaweza kusikia masafa ya mtandao huo. Kila kampuni ina masafa yake ya 4G. Safaricom hutumia megahezi 800 na 1800. Faiba, iliyoanza huduma yake ya 4G mwezi Desemba 2017, hutumia megahezi 700, yanayoitwa bendi ya 28. Chukua mfano wa modemu ya Huawei E3372, ambayo ni maarufu sana. Ile yenye namba E3372h-153 haina bendi ya 28, kwa hivyo laini ya Faiba haitashika 4G ndani yake. Ile ya E3372h-607 inayo bendi ya 28, lakini haina ile ya megahezi 800. Kwa sura ni pacha. Tofauti yao imo katika namba ndogo iliyoandikwa chini ya kifuniko. Isome namba hiyo yote, mpaka tarakimu ya mwisho, uiandike kwenye karatasi. Karatasi hiyo ndiyo utakayokwenda nayo dukani.

Hakikisha pia kwamba modemu yako haikufungwa kwa kampuni moja. Nyingi zilizouzwa kwa bei nafuu na makampuni ya simu zilifungwa, na laini ya kampuni nyingine hukataliwa mpaka zifunguliwe.

Lugha ya modemu

Hapa ndipo fedha nyingi hupotelea. Tundu la USB kwenye ruta si dalili ya kwamba modemu itakubaliwa. Ruta nyingi za nyumbani zina tundu hilo kwa ajili ya kusoma flashi au kutumia printa, basi. Unayoitafuta ni ruta ambayo mtengenezaji wake ameandika wazi kwamba hupokea modemu za 3G na 4G. Mfano ni TP-Link TL-MR3420, yenye matundu ya waya manne na waifai ya gigahezi 2.4, na nduguye mdogo TL-MR3020, anayeenea kiganjani.

Hata ruta za namna hiyo hazijui modemu zote. Modemu ikichomekwa mara ya kwanza hujitambulisha kana kwamba ni sahani ya CD yenye programu zake, kwa sababu iliundwa kwa kompyuta. Lazima iambiwe igeuke iwe modemu, na kila aina ina neno lake la kugeuzwa. Ruta isiyolijua neno hilo hubaki ikiitazama ile CD.

Baada ya kugeuka, zipo lugha mbili kubwa. Modemu za zamani za 3G, kama Huawei E173, huzungumza kwa mtindo wa kupiga simu: ruta ndiyo inayopiga namba na kuunganisha. Modemu mpya zinazoitwa HiLink hujiunganisha zenyewe, kisha hujionyesha kwa ruta kana kwamba ni waya wa mtandao. Huwa na ukurasa wao wenyewe, kwa kawaida katika anwani 192.168.8.1. Ruta iliyofunzwa lugha ya kwanza pekee haitaiona modemu ya lugha ya pili hata ungeichomeka mara mia. Na ikiwa ruta yako nayo hutumia anwani zinazoanza kwa 192.168.8, ibadilishe upande wa ruta, kwa mfano iwe 192.168.1.1, la sivyo vifaa viwili vitagombania mlango mmoja.

Basi fanya hivi. Tafuta orodha ya modemu zinazokubaliwa, ambayo watengenezaji huitoa kwa kila ruta. Angalia toleo la ruta, maana TL-MR3420 ya toleo la kwanza si sawa na ya toleo la tano. Toleo huandikwa kwenye kibandiko kilicho chini yake. Linganisha na namba uliyoiandika kwenye karatasi. Kisha, na hili ndilo kubwa kuliko yote, nenda dukani na modemu yako ikiwa na laini na bando ndani yake. Mwombe muuzaji aichomeke mbele yako, na usitoe fedha mpaka simu yako ifungue ukurasa kupitia ruta hiyo. Muuzaji mwaminifu hatakasirika. Anayekataa amekwisha kukujibu. Wala usione haya. Kuuliza si ujinga, na fedha ni yako.

Umeme wa kutosha

Tundu la USB la kawaida limewekewa kiwango cha miliampea 500. Modemu inapokuwa mbali na mnara hupaza sauti ili isikike, na kwa dakika hizo hutaka umeme mwingi zaidi. Ruta dhaifu ikishindwa kuutoa, modemu huzimika na kuwaka tena, mtandao ukakatika katikati ya somo. Watu wengi huilaumu kampuni ya simu, kumbe kasoro iko mezani pao. Tiba yake ni kigawanyi cha USB chenye umeme wake wenyewe, au ruta yenye chaja yenye nguvu ya kutosha. Usiibadilishe chaja ya ruta kwa yoyote uliyoikuta nyumbani. Soma voti zilizoandikwa, kwani nyingine ni za voti 9, nyingine 12, na zile ndogo ni 5.

Umeme wa nyumba nao hukatika. Zipo betri ndogo zilizotengenezwa kwa ajili ya ruta, huiweka hai kwa saa kadhaa. Ruta ndogo ya voti 5, kama TL-MR3020, huweza kutumia betri ile ile ya kuchajia simu. Kwa mwalimu au mfanyabiashara wa nyumbani, hili si anasa.

Usinunue kasi usiyoihitaji

Muuzaji atakuonyesha ruta yenye antena sita na bei yake. Kumbuka mfano wa mtungi. Modemu ya 3G kama E173 haizidi megabiti 7.2 kwa sekunde, na E3372 ya 4G mwisho wake ni 150, tena hapo ni pale mnara ulipo karibu na watu ni wachache. Ruta ya kawaida yenye waifai ya megabiti 300 yatosha kabisa. Kwa vyumba viwili au vitatu, waifai ya gigahezi 2.4 yafaa kwa kuwa hupenya ukuta vizuri kuliko ile ya gigahezi 5, ambayo ni ya kasi lakini huchoka upesi. Fedha iliyobaki iweke katika bando au betri.

Bali ikiwa hujanunua chochote bado, wala huna modemu, nakushauri kwa moyo safi: usinunue modemu na ruta mbalimbali. Zipo ruta zenye tundu la laini ndani yake, kama TL-MR6400, ambazo hazina habari ya kukubaliana au kutokubaliana. Na ikiwa waya wa intaneti ya faiba umekwisha kupita langoni pako, piga hesabu ya mwezi mzima kabla ya kuamua. Ruta ya modemu ni ya yule ambaye tayari anayo modemu nzima, au anayehamahama kwa masomo na kazi, au anayekaa mahali ambapo waya haujafika.

Mahali pa kuiweka

Modemu itafute dirisha lenye mnara, ruta itafute katikati ya nyumba. Vikigombana, tumia waya wa USB wa kurefusha, wa mita moja au mbili, ili modemu ikae dirishani na ruta ikae ndani. Waya mrefu sana hupoteza umeme. Ukurasa wa modemu ukikuonyesha nguvu ya mawimbi kwa tarakimu zenye alama ya kutoa, jua kwamba iliyo karibu na 80 ni nzuri, na iliyopita 110 ni dhaifu.

Na tafadhali, dada zangu, tusizifunike kwa vitambaa vya kudarizi. Najua twapenda kila kitu mezani kipambwe, lakini modemu hupata joto kali, na joto huipunguzia kasi na umri. Iache ipumue.

Bando lisilojulikana lilikokwenda

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Simu ikiona waifai hudhani imefika kwenye bahari isiyokauka. Usiku ule ule huanza kujisasisha programu zake na kupandisha picha zote kwenye hifadhi ya mbali, na asubuhi bando la wiki limekwisha. Ingia katika mipangilio ya waifai ya kila simu na laptopu, uiambie kwamba mtandao huu hupimwa. Zima usasishaji wa wenyewe. Jua pia kwamba video ya ubora wa juu hula takriban GB 3 kwa saa, na ya ubora wa kawaida hula kiasi cha GB 1 au pungufu yake. Badilisha ubora kabla ya kumpa mtoto katuni.

Laini yenye M-Pesa isitiwe katika modemu. Tafuta laini nyingine, iliyosajiliwa kwa jina lako, iwe ya intaneti tu. Ujumbe unaoingia katika laini ya modemu huweza kusomwa kupitia ukurasa wa modemu na mtu aliyeingia katika waifai yako, na habari za fedha zako si za kusomwa na kila mgeni.

Amana ya nyumba

Sasa nifikie jambo linalonigusa zaidi. Tangu utotoni tumefunzwa kwamba mzazi ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga. Intaneti ilipokuwa katika simu ya baba, iliingia na kutoka bila ya nyumba kuwa na kauli. Ikikaa katika ruta, mlango ni mmoja, na mlango mmoja huchungika.

Badilisha neno la siri lililoandikwa kwenye kibandiko, la waifai na la kuingilia ruta yenyewe, yawe mawili tofauti. Chagua ulinzi wa WPA2 au WPA3, na uzime kile kitufe cha WPS. Katika majumba ya kupanga, waifai iliyo wazi hutumiwa na ghorofa nzima. Na kwa kuwa laini imesajiliwa kwa jina lako, lolote litakalotendwa kupitia kwake litaulizwa kwako. Ukitaka kumfaa jirani, na jirani ana haki yake, ruta ikiwa na mtandao wa wageni mpe huo kwa muda, kisha ubadilishe neno la siri.

Kwa ajili ya watoto, ruta nyingi zina mahali pa kuandika anwani za DNS, ambayo ni kama daftari la kutafutia majina ya kurasa. Tangu Aprili 2020 kampuni ya Cloudflare hutoa bila malipo daftari la familia linalokataa kurasa za uchafu na zile zenye virusi. Andika 1.1.1.3 katika nafasi ya kwanza na 1.0.0.3 katika nafasi ya pili. Ruta nyingi pia huweza kuzima waifai kwa saa, na nyumba ya binti yangu sasa hulala bila mtandao kuanzia saa nne usiku.

Lakini tusijidanganye. Kizuizi hicho hakimfuati mtoto akitumia bando la simu yake, wala hakioni kila kinachopita ndani ya mazungumzo ya WhatsApp. Kijana mjanja ataweza kukikwepa. Ruta husaidia mchunga. Haishiki nafasi yake. Kuketi na mtoto, kumuuliza alichokiona leo, na kumfanya asiogope kutueleza, ni kazi yetu mpaka mwisho.

Mwisho wa kisa

Jumamosi iliyofuata tulipanda matatu mpaka Thika, kwa kijana mmoja anayetengeneza kompyuta, jamaa wa mkwe wangu. Kitu cha kwanza alichotaka kuona ni modemu, wala hakuuliza habari ya ruta. Akaifungua, akasoma namba yake, akaitazama orodha, kisha akatoa ruta iliyokwisha kutumika, isiyo na urembo wowote. Akachomeka. Tukangoja dakika mbili, na binti yangu akampigia video dada yake Mombasa pale pale dukani. Ruta ile ilitugharimu chini ya ile ya kwanza, ambayo mkwe wangu aliiuza baadaye kwa hasara.

Sasa modemu imetundikwa dirishani kwa uzi, ruta iko juu ya kabati ukumbini, bila kitambaa. Jumatatu ile mkwe wangu alitoka baada ya Alfajiri na simu yake mfukoni, na kwa mara ya kwanza kutoka kwake hakukuzima chochote. Baada ya Alasiri binti yangu alifungua darasa kwa wakati. Watoto walikuwa sita. Yule wa saba hajarudi, na binti yangu hamlaumu mzazi wake. Ameweka nafasi yake wazi, na amemtumia mama yule ujumbe wa salamu, kumjulisha kwamba mlango haujafungwa.

Ndugu zangu mlio Thika, Ruiru, Juja na kwingineko mbali na bahari, andikeni namba ya modemu kabla ya kutoka nyumbani, na nendeni nayo dukani. Haraka haraka haina baraka. Mwenyezi Mungu azitie baraka nyumba zetu na riziki zetu. Wiki ijayo, insha Allah, tutarejea kwenye swali la mama wa Ruiru kuhusu kuhifadhi samaki aliyeletwa kutoka Pwani kwa basi la usiku.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.